Mtoto Anayemshinda Baba Mtoni

Wajukuu zangu, kabla sijaanza, nendeni mkalete beseni la maji. Haya, mmoja wenu ayapige kwa kiganja, kwa nguvu. Umeona? Yamekurudishia kipigo, na kiganja kinakuwasha. Piga tena, ila safari hii usiishie juu. Sukuma mkono mpaka ndani. Pale mkono ulipopita pamefunguka shimo, na kufumba na kufumbua maji yamelifunga. Lishikeni hilo shimo, maana ndilo hadithi yenyewe.

Huko Kostarika, upande wa Bahari ya Karibi, kuna misitu inayonyeshewa karibu mwaka mzima. Kwenye tawi lililoinamia kijito amelala mjusi wa kijani kibichi. Dume lina kishungi kichwani na kingine mgongoni, kimesimama kama tanga la dau, na mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili. Huyo ni basiliski.

Jina ni la Kigiriki, maana yake mfalme mdogo. Wazungu wa kale walimwita hivyo nyoka wa kubuni, eti anaua kwa kumtazama mtu tu. Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi aliyevipa viumbe majina ya kisayansi, akambandika jina hilo ndugu wa mjusi huyu, yule wa rangi ya kahawia, na ukoo mzima ukalirithi. Kuonewa huko! Mla wadudu na matunda, akimwona nyoka ni yeye anayetimua mbio.

Na mbio zake ni hizi: anajitupa mtoni, anasimama kwa miguu ya nyuma, kisha anakimbia juu ya maji.

Rudini kwenye beseni. Unyayo wake unapiga maji, nayo yanamsukuma juu. Kisha anausukuma chini na nyuma, shimo la hewa linafunguka, naye anauchomoa mguu kabla halijajifunga. Akichelewa tu, maji yanamng'ang'ania kama tope. Vidole vyake virefu vina magamba pembeni yanayotanuka anapokanyaga na kujikunja anapochomoa. Hivyo anasonga kama mita 1.5 kwa sekunde.

Mwaka 1996 Glasheen na McMahon, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, walieleza hesabu ya jambo hili. Kitoto cha gramu 2 kinaweza kuyasukuma maji kwa nguvu inayozidi mara mbili ile inayohitajika kukibeba. Baba mtu wa gramu 200 hana akiba. Nguvu yake inatosha kwa shida. Basi mtoto anateleza mbali, baba anapiga hatua chache, tumbo linagusa maji, anaanza kuogelea. Na mtu mzima wa kilo 80? Angehitaji kukimbia mita 30 kwa sekunde. Usain Bolt mwenyewe hakufika hata nusu ya hapo. Kwa hiyo nisisikie mtu amekwenda kujaribu bwawani.

Kitoto hicho hakikufundishwa na yeyote. Mama huchimba shimo udongoni, hutaga, hufukia, akaenda zake. Mayai yakianguliwa, kila mmoja na miguu yake.

Ila ukoo huu una binamu wasiopenda mbio kabisa. Yupo mmoja mwenye kichwa kama kilichovishwa kofia ya chuma, anayeishi misitu ya namna hiyohiyo kuanzia kusini mwa Meksiko. Hushikilia shina la mti akatulia tuli, rangi yake ikichanganyika na gome, akimngoja mdudu mnene apite. Ukimkaribia hakimbii, anazunguka taratibu upande wa pili wa shina. Kule Meksiko aliwahi kupatikana mmoja aliyeota mimea kichwani, ile midogo ya kijani inayoota kwenye mawe ya kisimani.