Amplifaya Isiyofilisi kwa Gitaa Kavu na Mwimbaji Wake

Amplifaya ya gitaa kavu hufanya kazi tofauti kabisa na ile ya gitaa la umeme. Gitaa la umeme huipata nusu ya sauti yake ndani ya amplifaya: mkwaruzo na ukali wake huzaliwa humo, na spika yake kwa makusudi hukata sauti nyembamba zinazozidi hezi 5,000 hivi. Gitaa kavu, ambalo wanamuziki wakongwe wa Tanzania huliita galatoni, huja na sauti yake tayari kutoka kwenye mbao. Kinachohitajika ni chombo cha kuikuza sauti hiyo bila kuibadilisha, na kuikuza vilevile sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana gitaa kavu na maiki vikichomekwa kwenye amplifaya ya gitaa la umeme, gitaa husikika limeziba na maneno ya wimbo hayatoki vizuri, hata kama amplifaya yenyewe iligharimu fedha nyingi.

Uchaguzi huanzia kwenye gitaa lenyewe. Magitaa mengi makavu yenye tundu la jeki yamefungwa pikapu ya piezo, ukanda mwembamba uliolazwa darajani, chini ya kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi. Nyuzi zikitetemeka huukandamiza ukanda huo, nao hutoa umeme kidogo. Umeme huo ni dhaifu mno kiasi kwamba ukiingia kwenye tundu lenye ukinzani mdogo, besi hupotea na gitaa hulia kama mkebe. Tundu linaloifaa piezo lina ukinzani wa omu milioni 1 au zaidi, ilhali matundu ya kawaida ya redio na ya miksa ndogo mara nyingi yana omu elfu 10 hadi 50 tu. Gitaa lenye vitufe vya besi na trebo ubavuni na betri ya volti 9 lina priampu ndani, yaani kikuzaji kidogo cha awali, na priampu hiyo huondoa tatizo hili lote. Gitaa lisilo na betri linahitaji ama amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa kavu, ama kisanduku kidogo cha priampu kati yake na chombo kingine chochote. Mnunuzi anayelijua hilo kabla ya kufika dukani huokoa fedha nyingi.

Hapo ndipo sabufa ya nyumbani inapowaangusha wengi. Ni rahisi, ipo sebuleni, na boksi lake limeandikwa wati 5,000 au zaidi. Lakini tundu lake halikutengenezwa kwa pikapu, besi yake imeongezwa makusudi ili muziki wa kwenye flashi utikise chumba, na namba ya boksini ni ya PMPO, kipimo kisicho na kanuni yoyote ambacho kila kiwanda hukiandika kinavyotaka. Kipimo cha kuaminika zaidi ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Ipo njia ya kuuhakiki ukweli wake: nyuma ya chombo au kwenye adapta huandikwa umeme kinaoutumia, na chombo kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 500 mfululizo kwenye spika.

Hata wati za kweli huwadanganya wanunuzi. Kuzidisha nguvu mara mbili, kwa mfano kutoka wati 30 hadi 60, huongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini ndogo. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu inabidi iongezwe kama mara kumi. Spika yenyewe ina neno kubwa zaidi: spika inayotoa desibeli 96 kwa wati moja ikipimwa umbali wa mita 1 hulingana kwa sauti na spika ya desibeli 90 iliyopewa nguvu mara nne. Kwa hiyo bei ya ziada kati ya amplifaya ya wati 40 na ya wati 60 haina maana kubwa. Kwa mazoezi ya nyumbani wati 15 zinatosha. Kwa mgahawa au kanisa dogo, kati ya 30 na 60. Sherehe ya uwanjani ni suala jingine, kwa kuwa kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi hupotea desibeli 6, wala hakuna ukuta wa kuirudisha sauti.

Adui mkubwa wa gitaa kavu jukwaani ni mluzi na mvumo. Sauti ya spika hurudi na kuutikisa ubao wa gitaa, pikapu huinasa tena, amplifaya huikuza tena, na mzunguko huo huishia kwenye mvumo unaofunika kila kitu. Hewa iliyomo tumboni mwa gitaa hupenda kutikisika karibu na hezi 100, jirani kabisa na noti ya G kwenye uzi wa sita, yenye hezi 98. Ndiyo maana mvumo huanzia kwenye besi. Mwaka 1952 mpiga gitaa kavu wa Kongo, Mwenda Jean Bosco, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na hapakuwa na haja ya kuwaza mvumo, kwa kuwa hapakuwa na spika ya kuirudishia maiki sauti. Upigaji wa aina yake, kidole gumba kikitembeza besi huku cha shahada kikichora nyimbo, ndio hasa unaodhurika mpigaji anapopambana na mvumo kwa kuizima besi yote. Nusu ya muziki huondoka nayo.

Amplifaya nzuri hutoa njia zisizo na hasara hiyo. Moja ni kichujio chembamba, ambacho hukata ule ukanda mdogo wa sauti unaovuma na kuyaacha mengine. Nyingine ni swichi ya fezi, ambayo hugeuza mwelekeo wa mawimbi. Mara nyingine kuibonyeza mara moja tu huuondoa mvumo. Kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa ni cha bei ndogo na hufanya kazi vizuri kuliko vifaa vingi ghali. Mahali pa kuiweka amplifaya napo pana uzito wake. Ikiwa nyuma ya mwimbaji, ikielekea maiki moja kwa moja, italia tu. Ikiwekwa mbele kidogo, kando, na kuinuliwa kwenye kiti, huongezeka nafasi ya kupandisha sauti.

Kwa upande wa mwimbaji, jambo la msingi ni chaneli ya pili iliyo huru, yenye vitufe vyake vya sauti, besi na trebo. Sauti ya mtu na ya gitaa hazitaki marekebisho yaleyale. Tundu la maiki liwe lile la duara la pini tatu, XLR, kwa sababu maiki ya kawaida hutoa umeme mdogo sana kuliko gitaa lenye priampu, na tundu la jeki la gitaa huiacha chini. Maiki za kawaida za waimbaji kama Shure SM58 hazihitaji umeme kutoka kwenye amplifaya, kwa hiyo kulipia zaidi ili kupata volti 48 za maiki za studio si lazima. Riveb kidogo, yaani mwangwi, hupendeza. Madoido mengine mengi yaliyojazwa humo huongeza bei na kuishia kutotumika. Tundu la kupeleka sauti kwenye mitambo mikubwa, kwa upande mwingine, linafaa sana kwa anayepiga kanisani au harusini.

Miongoni mwa mifano inayojulikana, Fishman Loudbox Mini ina wati 60, spika ya inchi 6.5 na twita, na uzito wake haufiki kilo 10. Marshall AS50D ina wati 50 na spika mbili za inchi 8. Roland AC-33 hutoa wati 30 na inaweza kutumia betri ndogo nane za AA, sifa kubwa mahali umeme unapokatika mara kwa mara. Behringer ACX450 ya wati 45 kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko hizo. Lakini njia nyingine, ambayo maduka ya magitaa huwa hayaisemi, ni spika ya mitambo ya inchi 8 au 10 yenye amplifaya ndani, pamoja na miksa ndogo. Kwa gitaa lenye priampu, jozi hiyo mara nyingi humpa mwimbaji sauti safi na kubwa zaidi kwa fedha zilezile, ingawa mvumo itabidi uzuiwe kwa kifuniko na kwa mpangilio wa jukwaa.

Mtumba una hatari yake. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, vya Japani volti 100. Vikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya bila transfoma ya kupunguza, huungua papo hapo. Maandishi ya kutafuta ni 100–240V, au swichi ya kuchagua volti nyuma ya chombo.

Jaribio la dukani lifanywe kwa gitaa na maiki zitakazotumika, si za muuzaji. Kwanza vitufe vya sauti vipandishwe hadi nusu bila kupiga kitu, ili mlio wa shii na mvumo wa umeme usikike. Kisha uzi wa sita upigwe kwa nguvu huku mtu akiimba, na kila kitufe kizungushwe taratibu: kinachokwaruza kina vumbi au kimechakaa, na jeki inayokatakata ikiguswa ina kiungo kilicholegea ambacho fundi atalazimika kukichomelea upya.