Mkono wa Bandia Uwezao Kuhisi

Hapa Sepuka kila mtoto ajua kushika yai la kuku bila kulivunja, hata gizani. Vidole ndivyo vimwongozavyo. Lakini aliyekatwa mkono akapewa wa bandia yambidi kuukazia macho daima. Akigeuka kidogo tu, yai limepasuka.

Je, mkono wa bandia waweza kuhisi? Naam. Mwaka 2013, mjini Roma, madaktari walimtia Dennis Aabo Sørensen, mtu wa Denmark, nyuzi nyembamba za umeme ndani ya mishipa ya fahamu. Akiwa amefungwa macho, alitambua kitu kigumu na kitu laini. Lakini kazi hiyo yataka upasuaji na fedha nyingi.

Iko njia nyepesi. Kwenye ncha ya kidole cha bandia huwekwa kihisi, yaani kifaa kidogo cha kupima mgandamizo. Waya hukiunganisha na mota ndogo, kama ile itetemeshayo simu, iliyofungwa juu ya ngozi ya mkono uliobaki. Ukikaza, mtetemo huzidi, ukilegeza, hupungua. Hapana kisu, na vifaa ni vya bei nafuu.

Mafundi wako wapi? Nchini Kenya, David Gathu na mwenzake waliunda mkono wa mashine kwa vifaa vilivyotupwa. Hapa kwetu, chuo cha TATCOT huko Moshi kilianza mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia. Basi enyi vijana mpendao ufundi, mkono ufaao ni ule ambao fundi wa karibu aweza kuutengeneza ukiharibika. Nani atajifunza kazi hii?