Picha ya Mwani wa Bwejuu: Wingi wa Nukta si Ubora wa Picha

Siku za bamvua, maji ya Bwejuu hupwa asubuhi yakarudi mbali kuelekea mwambani, na wakulima, wengi wao wanawake, hushuka mashambani mwao baharini. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo. Miongoni mwa maadui wa zao hili umo ugonjwa ambao mkulima huutambua kwa macho yake: matawi hupoteza rangi yakawa meupe kama barafu, kisha hulainika na kukatika. Wataalamu huuita ais-ais. Huzuka hasa pale mmea unapodhoofishwa na joto la maji au upungufu wa chumvi, na mwani wa aina ya kotonii, wenye bei kubwa zaidi, huathirika upesi kuliko spinosamu.

Mkulima hana dawa ya kunyunyizia baharini. Linalowezekana ni kuvuna mapema au kuhamishia kamba kwenye maji yenye kina zaidi. Ndiyo maana ni muhimu kuujua ugonjwa ungali mchanga. Tuseme basi kwamba mkulima ameuona weupe asioufahamu, akaupiga picha kwa simu yenye megapikseli 48, akaipeleka kwa mtaalamu aliyeko mjini. Mtaalamu anaikuza picha ile, na haoni ila weupe mtupu. Je, ni ugonjwa, ni mchanga, au ni mwanga wa jua? Dukani simu hiyo ilisifiwa kwa wingi wa megapikseli zake. Kosa liko wapi?

Kamera ya dijitali haina filamu. Nyuma ya lenzi kuna kibao kidogo chenye mamilioni ya vipokea-mwanga vilivyopangwa kwa safu, na kila kimoja hutoa nukta moja ya picha, ambayo mafundi huiita pikseli. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Mfano wa karibu ni mkeka: chane za miyaa zikiwa nene, nakshi huwa kubwa na butu, zikiwa nyembamba, msusi anaweza kuonyesha hata mkunjo mdogo wa ua. Kamera ya kwanza ya aina hii, aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, yaani 100 kwa 100, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti.

Hapa ndipo matangazo ya biashara yanapowapotosha wengi. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Picha ya megapikseli 48 ina 8,000 kwa 6,000. Idadi imeongezeka mara nne, lakini katika kila mstari nukta zimeongezeka mara mbili tu. Hata hizo mbili hazipatikani zote. Mwanga ni mawimbi, na lenzi yoyote, hata iwe safi namna gani, haiwezi kuukusanya katika ncha isiyo na ukubwa. Huuchora kama doa dogo. Kwa lenzi ya simu ya kawaida, doa hilo lina upana wa takriban mikroni 2.4, hali kipokea-mwanga cha simu ya megapikseli 48 kina upana wa karibu mikroni 0.8. Doa moja linafunika nukta tatu kwa safu. Ni kama kuandika kwa mkaa mnene kwenye karatasi ya mistari myembamba. Kwa sababu hiyo, simu nyingi za namna hii huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.

Tena kila kipokea-mwanga hupima rangi moja tu. Kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ambao hati yake ya ubunifu ilitolewa mwaka 1976, nusu ya nukta hupima kijani, robo nyekundu, na robo buluu. Rangi zilizobaki kamera huzikadiria kutokana na nukta jirani.

Lakini hayo yote hayakuiharibu picha ya Bwejuu kama mwanga wenyewe ulivyoiharibu. Kila kipokea-mwanga ni mfano wa kikombe kilichowekwa mvuani. Mvua ikiwa haba, vikombe vidogo hupata matone machache na yasiyo sawa: kikipata chembe 100 za mwanga, hitilafu ya kawaida ni chembe 10, yaani asilimia 10, kikipata 10,000, hitilafu ni asilimia 1 tu. Hivyo picha za usiku huwa na chengachenga. Pwani saa za mchana mambo hugeuka: vikombe hufurika. Mwani mzima ni wa rangi iliyokoza. Mkulima akigusa picha yake kwenye kioo, kamera huupimia mwanga mwani ule, ikaongeza mwangaza, na hapo mchanga mweupe pamoja na matawi yaliyogonjweka hufikia ukomo. Katika picha ya kawaida kila rangi huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255. Mchanga huandikwa 255, tawi nalo 255. Tofauti iliyokuwepo mbele ya macho ya mkulima haimo tena katika picha, na hakuna mtambo wa kuirudisha.

Tiba yake ni rahisi kuliko kununua simu mpya. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini, maana ukungu wa chumvi hutawanya mwanga. Mwani ulazwe juu ya kitambaa cheusi, katika kivuli cha mpigaji, na mwangaza upunguzwe kwenye kioo hadi weupe uonyeshe umbo. Picha ipelekwe kama faili kamili, kwa kuwa programu nyingi za ujumbe hupunguza nukta na kuibana picha katika vijiraba vya nukta 8 kwa 8, jambo ambalo hufuta alama ndogondogo.

Kuna waliotumaini kwamba ndege zisizo na rubani zingeondoa taabu hii. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, zilianza kuvipiga picha visiwa kwa ndege hizo ili kutengeneza ramani, kazi yenye manufaa makubwa. Hata hivyo, kamera yenye nukta za mikroni 2.4 na lenzi ya milimita 8.8, ikiwa mita 100 angani, hufanya kila nukta iwakilishe karibu sentimita 2.7 za ardhi. Shamba na mistari yake huonekana vizuri. Tawi lenye unene wa milimita 3 halionekani. Simu ya megapikseli 12, ikishikwa sentimita 30 juu ya mwani, huonyesha upana wa takriban sentimita 40. Kila nukta ni sehemu ya kumi ya milimita, na tawi lile lile hupata nukta 30.