Masharti ya Ufikiaji Huria kwa Watafiti Wenye Ruzuku: Haki ya Mwandishi na Ada ya Jarida

Dhana ya ufikiaji huria mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kulilipa jarida ili makala yasomwe bure. Uelewa huo ni finyu. Masharti ya wafadhili wa utafiti humtaka mtafiti ahakikishe kwamba matokeo yaliyogharimiwa na ruzuku yanasomeka bila malipo. Ada ni njia mojawapo tu ya kutimiza sharti hilo. Makala haya yanafafanua tofauti hiyo kwa kurejelea sera za Wellcome ya Uingereza na Gates Foundation ya Marekani. Sera hizo zinawagusa pia watafiti wa Afrika Mashariki. Kwa mfano, mpango wa KEMRI-Wellcome Trust umekuwapo Kilifi tangu mwaka 1989.

Kwa mujibu wa sera ya Wellcome ya mwaka 2005, makala ya mtafiti aliyefadhiliwa yalipaswa kuwekwa katika hifadhi ya PubMed Central kabla ya miezi 6 kupita tangu yachapishwe. Mnamo Septemba 2018, kundi la wafadhili, wengi wao wa Ulaya, lilitangaza Plan S, mpango uliokusudia kuondoa kipindi hicho cha kusubiri. Wellcome ilibadili sera yake ipasavyo: makala yanayowasilishwa kwa jarida kuanzia Januari 1, 2021 sharti yasomeke tangu siku ya kuchapishwa, kwa leseni ya CC BY. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kunakili, kusambaza na hata kutafsiri kazi, mradi amtaje mwandishi. Hivyo basi, anayetaka kuyatoa makala hayo kwa Kiswahili halazimiki kumwomba mchapishaji kibali.

Zipo njia kuu mbili za kutimiza sharti hili. Ya kwanza ni jarida lenyewe kuyatoa makala kwa uhuria, aghalabu kwa ada. Ya pili ni mtafiti kuweka katika hifadhi muswada uliokubaliwa, yaani ule uliokwisha kupitiwa na wataalamu na kusahihishwa, lakini haujapangwa kurasa na mchapishaji. Njia hii haihitaji ada, inahitaji haki. Tatizo ni kwamba mikataba mingi ya majarida humtaka mwandishi amkabidhi mchapishaji hakimiliki. Akishatia saini, hana tena mamlaka ya kuutoa muswada huo bila idhini, ilhali bado anadaiwa na mfadhili. Anajikuta kati ya mikataba miwili inayopingana.

Ili kuzuia mgongano huo, wafadhili wa Plan S walitangaza mwaka 2020 mkakati wa kubakiza haki. Mwandishi hueleza, wakati wa kuwasilisha kazi yake, kwamba muswada wowote utakaokubaliwa utakuwa chini ya leseni ya CC BY. Kinachoupa mkakati huu nguvu ni wakati: tamko hutangulia mkataba wa jarida, na mchapishaji hulijua sharti la mfadhili tangu mwanzo.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Januari 2025, Gates Foundation ilipoacha kugharimia ada za uchapishaji na kuanza kutaka muswada wa awali uwekwe wazi. Chini ya sera hiyo, mtafiti anayetegemea ada pekee hana budi kutafuta fedha kwingine.

Hata hivyo, njia ya muswada ina mipaka yake. Jarida linaweza kukataa kupokea kazi yenye tamko hilo. Aidha, muswada hauna kurasa za toleo rasmi wala masahihisho ya mwisho, jambo linalomlazimu anayenukuu kueleza ni toleo gani alilosoma. Mipaka hiyo haiondoi wajibu wa mtafiti kwa mfadhili. Inaonesha kwamba masharti ya ruzuku na ya jarida yanapaswa kusomwa kwa pamoja kabla ya makala kuwasilishwa, wakati mwandishi angali na uwezo wa kuchagua jarida jingine.