Mkojo wa mfanyakazi unasema nini juu ya urani?

Wandugu, mawe ya shaba na kobalti ya huku kwetu mara nyingine yanabeba urani; Shinkolobwe ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti, risasi na urani kuliko wenye kukaa mbali.

Juu ya nini mkojo? Urani ikiingia kwenye damu, sehemu kubwa inatoka kupitia figo ndani ya siku moja, na figo ndizo zinaumia kwanza. Ukipimwa kisha wiki tatu za konji, karatasi inaweza kukusifu bure. Ukinywa maji mengi, kipimo kinashuka. Ndiyo maana labo inagawa kwa kreatinini. Na vumbi la mikono likianguka kwenye kikopo, kipimo kinapanda.

Kwa hiyo, wewe unayeanza kazi ya mgodi, nakuomba uulize mambo matatu: nilipimwa siku gani ya kazi? Kreatinini ilipimwa? Nilinawa na kubadilisha nguo kwanza? Bila majibu hayo, usitie sahihi haraka.