Mpiga Gitaa Aliyerudi Darasani

Katika kikao cha wazazi cha muhula huu mzazi mmoja alisimama akaomba gitaa la chama cha muziki lifungiwe mpaka mtihani wa Kidato cha Nne upite, kwa kuwa mwanawe halali wala hasomi kwa ajili yake. Mimi nilimwunga mkono, na gitaa likaletwa ofisini kwangu. Kesho yake kijana akanijia. "Shikamoo, mwalimu. Je, umewahi kusikia habari za Dexter Holland?" Sikuwa nimezisikia. Nikaenda kuzisoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Holland alizaliwa mwaka 1965 katika mji wa Garden Grove, jimbo la California, Marekani. Shuleni alikuwa mkimbiaji wa mbio za nyika, na alipomaliza mwaka 1984 ndiye aliyeongoza darasa lake kwa alama. Mwaka huo huo yeye na mkimbiaji mwenziwe, Greg Kriesel, waliamua kuunda bendi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejua kupiga chombo. Baadaye bendi hiyo iliitwa The Offspring. Mpiga gitaa wao mwingine, ajulikanaye kwa jina la Noodles, alikuwa mtu wa usafi katika shule ya msingi.

Muziki wao ni panki. Vijana wetu hulijua neno hilo kwa mtindo wa kunyoa nywele, na nywele hizo nazo zilitokana na wapenzi wa muziki huo, ulioshika nguvu New York na London katika miaka ya 1970. Nyimbo ni fupi, gitaa hupigwa mbio mbio na kwa sauti ya kukwaruza, na mtu akijua kushika nyuzi kwa namna tatu tu aweza kuanza. (Masikio yangu hayajauzoea.)

Huku akipiga gitaa, Holland alisoma katika Chuo Kikuu cha Southern California. Alipata shahada ya biolojia, kisha ya uzamili katika biolojia ya molekuli, akaanza na ya udaktari. Ndipo mwaka 1994 ikatoka santuri yao iitwayo Smash, chini ya kampuni ndogo ya Epitaph. Ziliuzwa nakala zaidi ya 10,000,000 duniani. Masomo yakasimama. Katika miaka iliyofuata alizunguka nchi nyingi na bendi, akapata leseni ya urubani, na tangu mwaka 2004 akauza pilipili ya chupa ya kutengeneza mwenyewe.

Lakini alirudi chuoni, akachunguza virusi vya Ukimwi, na hapa naomba wanafunzi wangu wa biolojia wasome polepole. Virusi hivi hubeba maandishi ya urithi katika RNA, herufi zipatazo 9,700 tu. Mwilini mwetu nako mna vipande vidogo mno vya RNA, vya herufi 22 hivi, viitwavyo mikro-RNA. Kazi yake si kujenga protini, bali kuzuia: kipande hujibandika juu ya ujumbe uliotoka katika jeni fulani, na protini yake isitengenezwe, au itengenezwe kidogo. Ni kama kiranja afutaye ubao kabla darasa halijamaliza kunakili.

Holland aliuliza: je, yawezekana virusi vimeficha ndani ya jeni zao vipande vinavyofanana na vyetu, na kwa hivyo kuweza kunyamazisha jeni za seli wanamoingia? Yeye na wenzake walilinganisha maandishi hayo kwa kompyuta, na mwaka 2013 walitangaza kwamba vipande vya kufanana vipo. Kufanana si ushahidi kwamba vinafanya kazi. Hilo lataka kupimwa maabarani, na tasnifu yake yenyewe ilisema kwamba ni ya kubashiri. Alitunukiwa udaktari Mei 2017, akiwa na umri wa miaka 51, miaka 23 baada ya santuri ile.

Niliporudi kwa kijana nilimwambia jambo ambalo hakulitaja: Holland alipoyasimamisha masomo alikuwa ameshika shahada mbili mkononi. Naye akanijibu, "Lakini mwalimu, alizipata akiwa na gitaa." Nilikosa la kusema. Mimi mwenyewe niliacha masomo ya uzamili miaka kumi na minne iliyopita, wala sikuwa na bendi ya kusingizia.

Nimemwandikia baba yake. Tumepatana kwamba gitaa litatoka kabatini Jumamosi alasiri kwa saa mbili, na kijana ataniletea kwanza majibu ya maswali ya urithi, sura nzima. Jumamosi iliyopita alileta kumi na moja kati ya kumi na mawili. Nilimpa gitaa, nikafunga dirisha.