Simba Aliyeogopa Maji: Namna ya Kumfundisha Mbwa Kuogelea

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema kuwa ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Nadhani wahenga hao hawakuwa wakimfikiria mbwa wetu Simba. Yeye nguo ya kuvua hana, na maji yenyewe alikuwa hataki hata kuyaona. Simba ni mbwa wa kienyeji, rangi yake ya kahawia, masikio yamesimama wima na sauti yake huwatoa wezi mbio. Lakini wimbi dogo likimgusa kucha tu, alikuwa akikunja mkia na kurudi chini ya mnazi. Watoto wa jirani walimcheka wakisema, "Simba jina tu!"

Watu wengi hudhani kwamba kila mbwa huzaliwa akijua kuogelea. Hata mimi niliamini hivyo, na imani hiyo karibu imuue mbwa wetu. Ndiyo maana nimeamua kuandika makala haya, ili kosa nililolifanya mimi lisirudiwe na mwingine.

Jinsi mambo yalivyoanza

Kwetu ni Mayungu, kati ya Watamu na Malindi, katika Kaunti ya Kilifi. Mbali kidogo na ufuo kuna mwamba unaovunja mawimbi makubwa, kwa hiyo maji ya upande wa ndani huwa matulivu. Kwa wenzangu wa bara ambao hawajaiona bahari, ningependa kueleza kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo, kwetu maji huwa yamepwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Mafungu ya mchanga hutokeza, na watu hutoka na vijiti vyao kwenda kutafuta pweza.

Likizo moja ya Agosti, mama na wanawake wenzake walikwenda kwenye mafungu hayo, nami nikafuata. Simba naye akafuata. Njiani kuna mkondo mmoja ambao maji yakipwa hukufika kwenye vifundo vya miguu tu, basi alivuka kwa kuruka ruka. Tulikaa huko tukajisahau. Tuliporudi, maji ya mkondo yalikuwa yamefika kiunoni. Sisi tulivuka. Simba alifika ukingoni, akatia mguu mmoja, akautoa, kisha akaanza kulia.

Nilitaka kurudi kumchukua. Mama akapiga kelele, "Wee! Rudi hapa! Nitapoteza mbwa na mtoto siku moja?" Tukasimama ufuoni tukimtazama, na fungu lile likizidi kupungua. Wakati mjomba alipofika na mtumbwi wake, Simba alikuwa amesimama mahali padogo kama mkeka wa kulalia. Mjomba alimbeba kama mtoto mchanga, na alipomweka chini nchi kavu, miguu ilikuwa bado ikitetemeka.

Kosa langu

Usiku ule niliapa kwamba lazima Simba ajue kuogelea. Na kwa ujuzi wangu wa kijana asiyeuliza, niliona njia ni moja tu. Kesho yake nilimpandisha mtumbwini, tukafika maji ya kifua, nikamsukuma.

Lo! Simba alizama, akaibuka, akaanza kuyapiga maji kwa miguu ya mbele kana kwamba anapanda ukuta. Miguu ya nyuma ilikuwa imening'inia chini. Maji yalimwingia puani na mdomoni. Nilipojitosa kumshika, alinipanda kichwani, akanikwaruza bega kwa kucha zake. Alama zake ninazo mpaka leo. Tulipofika nchi kavu alitapika maji ya chumvi, na kwa muda wa mwezi mzima hakukaribia bahari wala hakunikaribia mimi. Nikimwita, alikwenda kujificha nyuma ya jiko. Jambo hili la pili ndilo lililoniuma zaidi.

Mjomba alipopata habari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mpwa wangu, wewe ulifundishwa kuogelea kwa kutupwa?"

"La, mjomba. Ulinishika tumbo."

"Basi?"

Sikuwa na jibu.

Kwa nini mbwa huogopa maji

Mbwa akiwekwa majini, miguu yake huanza kupiga yenyewe. Hiyo ni silika. Lakini kupiga miguu si kuogelea. Mbwa anayeogelea vizuri hulala sawasawa juu ya maji, mgongo ukiwa karibu na usawa wa maji, na hutumia miguu yote minne. Mbwa mwenye hofu hunyanyua kichwa na kifua kwa nguvu, na kwa kuwa mbele kumepanda, nyuma huzama. Akisimama hivyo majini haendi popote. Huchoka haraka, na akichoka huzama.

Tena mbwa hawafanani. Wale wenye pua bapa, kichwa kizito, kifua kipana na miguu mifupi ni vigumu sana kuelea, na hawafai kulazimishwa. Mbwa wembamba kama wetu wa kienyeji huelea vyema zaidi, ila hupata baridi upesi kwa kuwa hawana mafuta mengi mwilini. Na mbwa aliyekwisha kutishwa na maji ni kama yule aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Kwake inabidi mafunzo yaanze nyuma kabisa.

Hatua za kufuata

Katika likizo ya Desemba mjomba alinisimamia, tukaanza upya. Desemba ni msimu wa kaskazi, na bahari yetu huwa tulivu kuliko wakati wa kusi. Hizi ndizo hatua tulizozifuata:

1. Rudisha imani kwanza. Kwa siku tano hatukuingia majini. Nilikaa tu na Simba mchangani, mbali na mawimbi, nikimpa vipande vya samaki vilivyotolewa miiba. Kila siku tulisogea hatua chache. Akisimama, nami nasimama. Sikumvuta hata mara moja.

2. Chagua maji yasiyokwenda. Maji yakipwa, huacha vidimbwi kati ya mawe na mchanga. Kidimbwi hakina wimbi wala mkondo, na jua huwa limekipasha joto. Hilo ndilo lililokuwa darasa letu. Kagua kwanza chini kwa kijiti, kwa maana taa hupenda kujifukia mchangani na mwiba wake si mchezo.

3. Ingia wewe kwanza. Mbwa hutazama. Niliketi katikati ya kidimbwi, maji yakanifika tumboni, nikawa nacheza na kifuu cha nazi. Siku ya kwanza Simba alizunguka kidimbwi akibweka. Siku ya pili alitia miguu miwili. Siku ya tatu, kumbe, nilisikia pua ya baridi mgongoni mwangu!

4. Mshike tumbo. Hapa ndipo nilipomwelewa mjomba. Alichukua leso kuukuu ya mama, akaikunja mara mbili, akaipitisha chini ya tumbo la Simba karibu na miguu ya nyuma, akashika ncha zote mbili juu kama mpini wa kikapu. Tukaingia mpaka mahali ambapo miguu ya Simba haikugusa chini. Leso ilimnyanyua nyuma, mwili ukalala sawa, na miguu yote minne ikaanza kupiga. Hakuna maji yaliyorushwa huku na huku. Kamwe usimfunge kamba shingoni ukamvuta majini, maana utamkaba. Kamba ikihitajika, izungushwe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, na ushike wewe mwenyewe.

5. Mwelekeze nchi kavu. Usimwite aje kilindini. Mbebe hatua chache kutoka ukingoni, mgeuze uso uelekee nchi kavu, kisha mwachie polepole. Ataogelea kwenda mahali anapopapenda. Siku ile tulipolegeza leso, Simba aliogelea kama hatua nne peke yake. Alipofika mchangani alijikung'uta, akatuangalia kana kwamba anauliza nani kamsaidia.

6. Mwonyeshe mlango wa kutokea. Mbwa wengi wanaojua kuogelea hufa kwa kukosa mahali pa kupandia. Basi kila mara tulimtoa mahali pamoja penye mteremko mdogo, mpaka akapajua. Baadaye tulimwingiza upande mwingine, naye akawa anapatafuta mwenyewe.

7. Acha kabla hajachoka. Dakika tano zinatosha mwanzoni. Dalili za kuchoka ni hizi: mgongo unaanza kuzama, miguu ya mbele inarusha maji, macho yanatoka, anapumua kwa kishindo. Ukiona moja, mtoe. Afadhali aondoke akitaka zaidi kuliko aondoke akichukia.

Baada ya kuogelea

Usimfundishe mbwa mara tu anapokula chakula kingi. Mwekee maji baridi ya kunywa karibu, maana mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari, na chumvi nyingi humfanya atapike, aharishe, na hata inaweza kumuua. Ukimaliza, mwoshe kwa maji yasiyo na chumvi ili ngozi isimwashe, na umpanguse masikio kwa kitambaa kikavu. Mchanga wa adhuhuri nao huchoma nyayo. Ukitaka kujua, uguse kwa kiganja chako. Kama wewe huvumilii, na yeye havumilii.

Kwa wenzetu wa bara

Huenda unasema, "Mimi kwetu hakuna bahari, makala haya yanihusu nini?" Mito na mabwawa mnayo, na hatua ni zile zile, lakini hatari ni tofauti. Usifundishe mbwa mahali penye mamba au viboko, hata kama wazee wanasema hawajaonekana siku nyingi. Maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kukupa wewe kichocho. Na yale mashimo ya machimbo ya mawe yanayojaa maji ya mvua, tafadhali yaepukeni kabisa. Kuta zake zimesimama wima. Mtu akitumbukia hatoki, sembuse mbwa.

Tena, popote ulipo, usiende peke yako. Mwalimu asiyejua kuogelea naye atahitaji mwalimu. Vaa shati lenye mikono, maana kucha za mbwa mwenye hofu hazichagui. Mabega yangu ni mashahidi.

Siku ya mtihani

Mafunzo yetu yalichukua likizo nzima. Shule zilipofunguliwa nilimwacha Simba akiwa anaweza kuvuka kidimbwi kikubwa bila leso, lakini bahari yenyewe alikuwa bado anaitilia shaka.

Likizo ya Aprili, siku ya bamvua, tulikwenda tena kwenye mafungu. Safari hii hatukujisahau. Mama alipoona maji yameanza kugeuka alisema twende, tukaondoka mapema. Mkondo ulikuwa umefika juu kidogo ya magoti yangu, kina ambacho Simba hakuweza kukanyaga chini. Mjomba alikuwa karibu na mtumbwi, ila alituambia tusimbebe. Tukavuka, tukageuka.

Simba alisimama mahali pale pale aliposimama Agosti. Akatia mguu, akautoa. Akalia kidogo. Moyo wangu ulikuwa ukinidunda. Nilitaka kumwita kwa nguvu, mjomba akanigusa mkono, "Mwache. Anafikiri." Basi nikachuchumaa, nikafanya kama siku zile za kidimbwi, nikapiga maji kidogo kwa kiganja.

Akaingia. Pua juu, mgongo sawa, mkia ukimfuata nyuma kama usukani. Mkondo ulimsukuma upande kidogo, naye akaurekebisha mwendo. Alipofika alikwenda moja kwa moja kwa mama, akajikung'uta, akamlowesha leso yote na kapu la pweza. Mama, ambaye siku zote husema mbwa mahali pake ni nje, alicheka mpaka akaketi mchangani.

Hitimisho

Msomaji mpenzi, nisingependa ufikiri kwamba sasa Simba hawezi kuzama. Mbwa anayejua kuogelea bado huchoka, bado husombwa na mkondo, na bado hutegemea mwenyewe aangalie saa na mwezi. Kumfundisha kumempa nafasi ya kujiokoa tu, na nafasi hiyo siku ile ya Agosti hakuwa nayo.

Jambo la mwisho ni hili. Tulipojiunga na chama hiki, wengine wetu tulikuwa tukisimama mbele ya mdahalo magoti yakigongana, na sauti haitoki. Hatukusukumwa kilindini. Tulipewa kusoma shairi fupi, kisha kuuliza swali moja, halafu kutoa hoja. Kwa hiyo ukimwona mwanachama mpya amesimama ukingoni anatia mguu na kuutoa, usimcheke wala usimsukume. Mshike tumbo, mgeuzie uso nchi kavu, kisha umwachie polepole. Haraka haraka haina baraka.